Ng'ombe Mnono, Nyama Ngumu

Ulaini wa nyama ya ng'ombe hutegemea kwanza umri wa mnyama, kisha utulivu wake kabla ya kuchinjwa, kisha joto la mahali mzoga unapokaa katika saa 24 za mwanzo. Unono hufuata nyuma ya hayo. Hata hivyo, ushauri mwingi anaopewa mfugaji huanza na kuishia horini: mashudu kiasi gani, pumba kiasi gani, kwa siku ngapi. Ndiyo maana ng'ombe aliyelishwa vizuri kwa miezi mitatu anaweza kufika mezani akiwa mgumu sawa na yule aliyetoka malishoni jana, na hoteli za kitalii zikaendelea kuagiza steki kutoka nje ya Tanzania, nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30.

Zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania ni zebu wa asili wenye pembe fupi, wakiwemo wa Kimasai, wa Kigogo, wa Mbulu, wa Tarime, weupe wa Singida na wekundu wa Iringa. Ni wanyama wadogo. Jike mzima huwa na kilo 200 hadi 250, na dume mara nyingi halizidi kilo 350. Boran, ambaye asili yake ni nyanda za Waborana wa kusini mwa Ethiopia na ambaye aliboreshwa katika ranchi za Kenya, ni mkubwa zaidi na hukua upesi. Kituo cha utafiti cha Mpwapwa, mkoani Dodoma, kilitoa ng'ombe wa Mpwapwa kwa kuchanganya damu ya Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi na ile ya zebu wa asili, Boran, Ankole na kidogo ya Ayrshire. Huyo ni wa maziwa na nyama kwa pamoja. Kwa mfugaji wa kawaida, njia yenye hasara ndogo ni kuweka dume bora la Boran kwenye kundi la majike ya asili. Madume makubwa ya Ulaya huvutia kwa picha, lakini jike la kilo 220 litateseka wakati wa kuzaa, na ndama atakayepona atadai dawa za kupe kila wiki.

Mbegu ikishachaguliwa, swali linalofuata ni umri wa kuuza, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kuona. Nyuzi za msuli zimeshikwa na kolajeni, ambayo katika mnyama mchanga huyeyuka inapopikwa. Kadiri mnyama anavyozeeka, viungo vya kolajeni hufungamana na kukataa kuyeyuka, na hakuna chakula kinachovifungua tena. Umri husomwa mdomoni. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota mnyama akiwa na miaka 2 hadi 2 na nusu, ya pili karibu na miaka 3, ya tatu karibu na 3 na nusu, na kinywa hujaa meno manane kati ya miaka 4 na 5. Zebu wa malishoni huchelewa kidogo. Anayenunua ng'ombe mnadani kwa ajili ya kunenepesha na kuuza nyama ya kuchoma asivuke meno manne. Maksai wa plau mwenye miaka minane ataongeza kilo zake akilishwa, lakini nyama yake itabaki ya supu na mchuzi mzito, na bei ifuate hivyo.

Kuhasi nako kuna wakati wake. Dume lisilohasiwa hukua haraka na kuwa na mafuta machache, lakini hupigana, na dume lililopigana hutoa nyama mbaya kwa sababu itakayoelezwa mbele. Anayekusudia kuuza kabla ya miaka miwili anaweza kuacha madume yalivyo iwapo yametengwa na majike. Anayekusudia kuwaweka zaidi ya hapo ahasi ndama wangali na miezi michache, kwa koleo la burdizo, siku za baridi zisizo na inzi.

Unenepeshaji wa kibiashara katika Kanda ya Ziwa ulijengwa juu ya viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta, kwa sababu mashudu yako pale pale. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na vituo vya utafiti wa mifugo, vimejaribu mara nyingi kulisha zebu wa asili kwa mabaki ya viwandani: mashudu ya pamba na ya alizeti, molasi, pumba za mahindi na za mpunga. Picha inayojirudia ni kwamba zebu akilishwa vizuri zizini hupata gramu 600 hadi 900 kwa siku, ilhali yule aliye malishoni wakati wa kiangazi hupungua. Anayefaa zaidi ni mnyama mwembamba ambaye wembamba wake ulitokana na njaa ya msimu tu. Mwili wake hulipiza siku zilizopotea na kukua kwa kasi isiyo ya kawaida katika wiki za kwanza. Aliyedumaa tangu utotoni, mwenye kichwa kikubwa na mwili mfupi, halipizi kitu. Kumtofautisha na mwenzake kunahitaji jicho, na jicho hilo wachuuzi wa minadani wanalo kuliko wanunuzi wengi.

Mchanganyiko unaofaa kuanzia, kwa kila kilo 100, ni pumba za mahindi kilo 45, molasi 30, mashudu ya pamba 22, chumvi na madini 2 na chokaa ya mifugo 1. Hapo protini itakuwa karibu asilimia 13, inayotosha. Pembeni lazima ziwepo nyasi kavu au mabua kila siku. Mnyama hula chakula kikavu sawa na asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 200 atamaliza kilo 5 hadi 6 kwa jumla, na kwenye joto atakunywa lita 30 hadi 50 za maji. Mashudu yenye ukungu yatupwe, hata kama gunia limelipiwa.

Hatari kubwa iko katika wiki mbili za mwanzo. Vijidudu vya tumbo kubwa vilivyozoea nyasi havijui wanga mwingi. Ukija ghafla, vile vinavyotengeneza asidi huzaliana kupita kiasi na tumbo huchacha. Ng'ombe huacha kula, hutoa kinyesi chepesi cha kijivu chenye harufu kali, huanza kuchechemea, na wengine hufa usiku. Waliopona hubaki na majipu ya ini, na ini hilo hutupwa machinjioni. Kwa sababu hiyo, siku za kwanza chakula kiwe theluthi mbili nyasi, kisha mchanganyiko uongezwe kidogo kidogo hadi siku ya 14 au ya 21. Harakaharaka ya wiki ya kwanza imewafilisi wanenepeshaji wengi.

Molasi peke yake ina mtego wake. Nchini Cuba, mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti T. R. Preston na wenzake waliwanenepesha ng'ombe kwa molasi yenye urea na majani machache. Iliwezekana, lakini nyasi zilipopungua kupita kiasi baadhi ya wanyama walipata ulevi wa molasi: walitetemeka, wakapofuka, wakasimama wameegemeza vichwa ukutani. Somo lake ni rahisi, nyasi zisikatike. Kuhusu urea, isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu cha siku, ichanganywe sawasawa, na isiyeyushwe kwenye maji ya kunywa kamwe. Ng'ombe akilewa urea hutoa povu na kujaa gesi, na huduma ya kwanza ni kumnywesha siki iliyochanganywa na maji mengi ya baridi wakati daktari wa mifugo anatafutwa. Mwenye mashudu ya kutosha hana sababu ya kuchezea urea.

Hesabu ya faida ifanywe kabla ya kununua mnyama wa kwanza. Ng'ombe wa kilo 180 akikaa siku 90 na kufika kilo 250, amepata kilo 70. Akila wastani wa kilo 6 kwa siku, amekula kilo 540, yaani karibu kilo 8 za chakula kwa kila kilo moja ya mwili. Kama kilo 8 za chakula zinagharimu zaidi ya kilo moja ya ng'ombe hai, faida itabidi itoke kwingine. Inaweza kutoka kwenye mzoga. Ng'ombe mwembamba hutoa nyama na mifupa karibu asilimia 45 ya uzito wake, na aliyenenepa hufika asilimia 51. Huyo wa kilo 180 angetoa mzoga wa kilo 81, wa kilo 250 atatoa 127. Kilo 70 za mwili zimezaa kilo 46 za mzoga, wakati kwa kiwango cha mnyama mwembamba zingezaa 31 au 32 tu. Anayeuza kwa kukadiria kwa macho humzawadia mnunuzi tofauti hiyo, na anayeuza kwa mizani ya mzoga huipata mwenyewe. Msimu nao una uzito. Wanyama hushuka bei kiangazi kinapokolea, mashudu hupatikana pamba inapochambuliwa, na bei hupanda kuelekea Krismasi na sikukuu za Idd. Idd husogea kila mwaka kwa siku 10 au 11, hivyo kalenda ya mwaka uliopita haifai.

Siku ya kwanza zizini kila mnyama apewe dawa ya minyoo na aogeshwe. Dawa nyingine yoyote iandikwe tarehe, kwa sababu oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa kawaida hudai siku 28 kabla nyama haijaliwa, na maelekezo ya kwenye chupa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Chapa ya moto ipigwe shavuni au mguuni chini. Ikipigwa ubavuni, sehemu bora ya ngozi imekwisha.

Ng'ombe akishanona, wanenepeshaji wengi huona kazi imekwisha, na ndipo ubora unapoanza kumwagika. Msuli wa ng'ombe aliyetulia una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Mnyama akishakufa, akiba hiyo hugeuka asidi laktiki, na pH ya msuli hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi ndani ya siku moja. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu unaong'aa, ladha yake na uwezo wa kukaa bila kuoza. Ng'ombe aliyekimbizwa, aliyepigana, aliyeshinda na njaa au aliyesimama kwenye lori siku mbili ameichoma akiba hiyo akiwa hai. Asidi haitoshi, pH inakwama juu ya 6, na nyama inatoka nyeusi, kavu kwa nje na ya kunata kidoleni. Wateja huiita nyama ya ng'ombe mzee au nyamafu. Mara nyingi ni ya ng'ombe kijana mwenye afya aliyechoshwa. Inaharibika upesi pia, kwa kuwa bakteria huipenda nyama isiyo na asidi.

Kinachowashangaza wengi ni muda wa kuirejesha akiba hiyo. Kulala usiku mmoja kwenye zizi la machinjio hakutoshi. Ng'ombe huhitaji siku kadhaa za kula na kupumzika, na katika hilo ni mzito kuliko wanyama wengine wengi wa kufugwa. Kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ni karibu kilomita 1,000, na safari ndefu namna hiyo huondoa asilimia 5 hadi 10 ya uzito hata kabla ya kuhesabu vidonda. Kwa hiyo yule anayenenepesha kwa ajili ya soko la nyama laini ajenge zizi karibu na machinjio, au achinje kule kule na kusafirisha nyama kwa gari la baridi. Kumnenepesha mnyama kwa miezi mitatu na kisha kumpakia kwa safari kama hiyo ni kununua chakula ili kukimwaga njiani.

Pale ambapo safari haiepukiki, wanyama waliozoeana wapakiwe pamoja, kwa ngazi ya udongo au ya mbao badala ya kukunjwa mikia na kupigwa fimbo. Walio na pembe ndefu watengwe. Kundi geni lisichanganywe zizini, maana madume yatatafuta nani mkubwa usiku kucha. Maji yawepo hadi mwisho, chakula kiondolewe saa 12 hadi 24 kabla ya kuchinja, na anayekaa zaidi ya siku moja alishwe. Kila pigo la fimbo huacha damu iliyovilia chini ya ngozi, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Mafundisho ya Kiislamu, ambayo machinjio mengi ya Afrika Mashariki hufuata, yanataka kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama na kiwe kikali. Utulivu huo unakubaliana na yaliyoelezwa juu.

Baada ya kuchunwa huja suala la joto, ambalo wenye mabucha ya kisasa hulikosea zaidi kuliko wa zamani. Mwaka 1963 watafiti wa New Zealand, Locker na Hagyard, walionyesha kwamba msuli ukipozwa sana kabla haujakakamaa, hujikunja kwa nguvu. Ulijikunja kidogo kabisa ulipokaa kati ya nyuzijoto 14 na 19, na kupita kiasi karibu na sifuri. Nchi yao ilikuwa ikisafirisha kondoo waliogandishwa haraka, na walaji walilalamikia ugumu. Kutokana na utafiti huo ilizaliwa kanuni iliyozoeleka: msuli usishuke chini ya nyuzi 10 kabla ya saa 10 kupita. Mzoga wa zebu ni mdogo na una mafuta machache ya kuufunika, hivyo hupoa haraka kuliko ule wa ng'ombe wa kizungu, na chumba cha baridi kilichowekwa nyuzi 2 kinaweza kuuharibu usiku ule ule. Hewa ya kwanza iwe ya wastani, kisha ishushwe hadi nyuzi 0 hadi 4.

Kosa hilohilo hufanyika majumbani. Nyama iliyochinjwa alfajiri hununuliwa saa mbili asubuhi, hukatwa vipande na kutiwa kwenye friza ikiwa na uvuguvugu. Msuli huganda kabla ya kukakamaa, na siku ya kuyeyushwa hujikunja na kumwaga maji mekundu. Afadhali kipande kikubwa kikiwa na mfupa wake, kilichofunikwa, kikae sehemu ya kawaida ya jokofu kwa siku mbili, ndipo kikatwe na kugandishwa. Kuiacha mezani kwenye joto la pwani si dawa. Bakteria watashinda mbio hizo.

Namna ya kuning'iniza nayo hubadilisha mambo, na haigharimu chochote zaidi ya ndoano. Kawaida mzoga huning'inizwa kwa kano la kisigino, mguu ukinyooka na misuli ya mgongo na paja ikilegea na kujikunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Texas A&M walijaribu kuuning'iniza kwa mfupa wa nyonga, mguu ukianguka kuelekea mbele, na misuli hiyo ikavutika ilipokuwa ikikakamaa. Nyama ya mgongo na ya paja ililainika waziwazi. Lazima ifanyike mapema, kabla mzoga haujaanza kukakamaa, na mzoga huchukua nafasi pana zaidi kwenye reli. Kwa machinjio madogo yasiyo na mitambo, pengine hakuna badiliko lenye faida kubwa kwa gharama ndogo namna hii.

Kinachobaki ni muda. Msuli uliokakamaa hulainika wenyewe, kwa sababu vimeng'enya viitwavyo kalpaini hukata nyuzi zake polepole. Zebu ana kiwango kikubwa zaidi cha kalpastatini, inayovizuia vimeng'enya hivyo. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina katika kituo cha utafiti wa nyama cha Clay Center, Nebraska, ambako Mohammad Koohmaraie alifanya kazi. Maana yake kwa Afrika Mashariki ni kwamba steki ya ng'ombe wa asili inataka subira kuliko ya ng'ombe wa kizungu kama Angus: siku 14 kwenye nyuzi 0 hadi 4, si saba. Nyama nyeusi yenye pH ya juu isihifadhiwe hivyo, kwani itaoza. Wala si kila kiungo kinastahili gharama ya umeme. Muundi, kidari na shingo, vyenye kolajeni nyingi, viuzwe siku ile ile kwa wapika supu, na chumba cha baridi kiachiwe sarara, mgongo na sehemu laini za paja.

Mwenye bucha anayetaka kujua kama mabadiliko yake yamesaidia hahitaji mashine ya Warner-Bratzler, ile wanayotumia watafiti kupima nguvu ya kukata kipande cha nyama iliyopikwa. Vipande viwili vya sehemu moja, unene mmoja, vikichomwa kwenye jiko moja na kupewa watu wasioambiwa kipi ni kipi, vitamwambia anachotaka. Rangi isimdanganye mteja wake. Nyama iliyofungwa bila hewa huwa ya zambarau na hurudi nyekundu ikifunguliwa, na mafuta ya njano hutokana na rangi ya majani mabichi aliyokula mnyama, ingawa ng'ombe jike wazee huwa nayo zaidi.

Jikoni, nyama ya mnyama aliyekomaa huokolewa kwa maji na moto mdogo, maana kolajeni hugeuka ute ikipikwa taratibu kwa saa kadhaa. Wapishi wa pwani hupaka mishkaki papai bichi, lenye papaini, kimeng'enya kinachofanya kazi kwa kasi zaidi nyama inapofika nyuzi 60 hadi 70. Lipakwe kidogo na kwa muda mfupi, la sivyo uso wa nyama huwa uji na katikati hubaki ngumu, kwa kuwa papai halipenyi ndani.

Mwenye kupenda nyama isiyoiva sana ana jambo moja la kuangalia zaidi. Malengelenge ya tegu hukaa kwenye misuli ya taya, ulimi na moyo, ndiko mkaguzi anakokata kwanza, lakini machache humpita. Kupika hadi wekundu wote uishe huyaua, na kugandisha kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 14 huyaua pia. Upande wa mfugaji, kinga ni choo kwenye kambi ya wachungaji na dawa ya minyoo kwa wachungaji wenyewe, kwa sababu ng'ombe huambukizwa na kinyesi cha binadamu.